Nipeni profesa anayevumilia maswali

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hivi: vyuo vikuu vyetu vikitaka kuwakusanya wahitimu wao wa zamani pamoja na wananchi wengine wasikilize mihadhara, ni maprofesa gani wapewe kipaza sauti, na kwa nini? Mimi ni mhitimu wa Makerere, nafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, na majina ninayo. Ila ninatanguliza sharti, na sharti lenyewe ndilo jibu langu hasa. Asipewe mtu kipaza sauti kwa kuwa anajua kusema. Apewe kwa kuwa anajua kuulizwa.

Wasemaji tunao tele. Uganda haijawahi kupungukiwa hotuba. Hata maiti haizikwi mpaka diwani aseme. Na mikusanyiko ya wahitimu niliyoishuhudia inafanana: hoteli ya Kampala, chakula cha mchana, profesa anasoma slaidi zilezile tunazoziona ukutani, mgeni rasmi anaingia amechelewa na mhadhara unakatwa ili asalimiwe, kisha zinapita bahasha za mchango. Maswali? “Kwa ajili ya muda tutachukua mawili tu.” Hayo mawili huishia kwa waheshimiwa wasiouliza kitu, wanaotaka tu tujue kwamba walilala Lumumba Hall, bweni la Makerere, enzi zao. (Marehemu Profesa Apolo Nsibambi, waziri mkuu wetu kuanzia 1999 hadi 2011, alijulikana kwa ukali wake wa saa. Somo hilo lilimpatia wanafunzi wachache mno.)

Kipimo changu nimekitoa kwa mtu ambaye hatuwezi tena kumwalika. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alianza kufundisha sayansi ya siasa Makerere mwaka 1963. Mimi sikumkuta. Lakini ukikaa na wazee waliosoma miaka ile, hawakusimulii mihadhara yake ya darasani. Wanakusimulia mwaka 1969, alipopanda jukwaani katika Town Hall ya Kampala kubishana na Akena Adoko kuhusu nafasi ya wasomi katika mapinduzi ya Afrika. Adoko alikuwa mkuu wa General Service Unit, idara ya ujasusi ya serikali ya Obote. Hebu pata picha: mwalimu wa chuo, raia wa nchi jirani, anapingana hadharani na mtu ambaye akitaka anaweza kumtia ndani usiku huohuo, na watu wa mjini wamekaa wanasikiliza wenyewe. Mwaka 1970 akabishana tena, safari hii palepale Makerere na Walter Rodney, Mmarksi aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam. Nani alimshinda nani, wazee hawajakubaliana hadi leo. Mwaka 1979 BBC ilimpa Mazrui mihadhara yake ya Reith, ile ya redioni ya kila mwaka, na sidhani alitetemeka. Aliyekwisha kujibu maswali ya mkuu wa majasusi ataogopa nini studio ya London?

Kwa nini desturi ile ilikufa, tunajua. Mwaka 1972 makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa Amin na hakurudi. Mwaka uliofuata Mazrui aliondoka nchini. Walimu waliobaki walijifunza kwamba swali la hadharani ni kitu cha hatari, na funzo la namna hiyo hurithishwa hata baada ya aliyelileta kuondoka. Baadaye redio zilijaribu kulifufua jambo hilo kwa ekimeeza, ile mijadala ya moja kwa moja kutoka baa, yeyote mwenye hoja anasimama na kusema. Serikali ikaipiga marufuku mwaka 2009.

Sasa majina. Wa kwanza kwangu ni Profesa David Serwadda wa Skuli ya Afya ya Umma ya Makerere, na ikiwezekana aje pamoja na Profesa Nelson Sewankambo. Wote wawili ni miongoni mwa madaktari walioandika katika jarida la Lancet mwaka 1985 kuhusu ugonjwa mpya uliokuwa ukiwamaliza watu Rakai, ule ambao wanavijiji waliuita “Slim” kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Wakati huo maelezo yaliyoaminika Kasensero, kule ziwani karibu na mpaka wa Tanzania, yalikuwa uchawi: kwamba wafanyabiashara wa magendo wamelogwa na Watanzania waliodhulumiwa mali zao. Mnaweza kufikiri kazi ya kumweleza mwenye msiba kwamba hakulogwa, huku wewe mwenyewe daktari huna dawa ya kumpa. Mtu aliyepita hapo amekwisha kuulizwa maswali kuliko profesa yeyote wa uchumi ninayemjua.

Mwaka 1988 ulianza mradi wa utafiti wa Rakai, ambao unaendelea mpaka sasa. Moja ya matunda yake ni jaribio la wanaume karibu 5,000, lililochapishwa mwaka 2007, lililoonyesha kwamba tohara hupunguza kwa nusu hivi uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU. Pamoja na majaribio ya Kenya na Afrika Kusini, hilo ndilo lililolifanya Shirika la Afya Duniani liipendekeze tohara mwaka huohuo.

Basi mleteni mwenye kazi hiyo Malaba. Watu wa mpakani tumeandikwa sana katika tafiti za ukimwi, za vyuo na mashirika ya kila aina: madereva wa trela, wahudumu wa baa, wabadilishaji fedha. Tumehojiwa na kutolewa damu, na mara nyingi matokeo yamesomwa Geneva kabla hayajasomwa hapa. Dereva anayelala kwenye foleni ana maswali ambayo mwanafunzi wa uzamili hana. Mbona mnasema nusu, na vijana wetu wakishatahiriwa wanajiona wamebeba ngao? Misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, nani alipiga hesabu ya vidonge vyangu? Profesa akijibu “hilo halikuwa katika utafiti wetu”, ni sawa, mradi asilijibu huku akiangalia saa.

Wa pili ni Profesa Phinehas Tukamuhabwa, mtaalamu wa kuzalisha mbegu za soya. Huyu nampendekeza hasa kwa wahitimu wa Lango na Acholi, kule kaskazini, si kwa Kampala. Ugonjwa wa kutu wa soya ulipoonekana nchini mwaka 1996, ulizipiga mbegu tulizokuwa nazo, majani yakakauka na kudondoka kabla maganda hayajajaa. Yeye na wenzake Makerere walikaa na tatizo hilo miaka, na mwaka 2004 ikatolewa Maksoy 1N, mbegu inayoustahimili ugonjwa huo. Zimefuata nyingine kadhaa za ukoo huohuo. Leo mkulima wa Lira anaitaja Maksoy kama anavyotaja jina la ng'ombe wake. Utafiti wa namna hii hauhitaji mtu wa kuutafsiri. Msikilizaji ameulima, ameuvuna, na akiona mbegu ya dukani msimu huu haikuota atainuka aulize kama ametapeliwa. Hapo ndipo mhadhara huanza, kwa sababu swali la mbegu bandia si la sayansi ya mimea tu. Ni la duka, la mkaguzi, la polisi. Nataka nione profesa anavyolipokea swali lililomponyoka kutoka shambani kwake hadi kwenye uwanja wa watu wengine.

Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo; yeye ni wa sayansi ya kompyuta) simwelezi kirefu, maana anatajwa sana. Mradi wake wa AirQo ulianza Makerere mwaka 2015, ukatengeneza vifaa vya kupima uchafu wa hewa, vingine vikafungwa kwenye boda boda zizungukazo mjini. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka wa chembe laini za uchafu huo uwe maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, na Kampala iko mbali juu ya hapo. Aje atuambie sisi tunaoshinda kati ya malori yaliyowashwa injini tunavuta nini. Kisha ajibu swali la mwenye boda: mmenipimia moshi wangu, je, pikipiki ya umeme nitainunua kwa pesa ya nani?

Kwa jina linalofuata najua kuna watakaolikunja gazeti. Profesa Sylvia Tamale wa sheria. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza kitivo cha sheria Makerere, kuanzia mwaka 2004, na mhadhara wake wa uprofesa, Oktoba 2016, ulihusu uchi, maandamano na sheria. Mada gani hiyo mbele ya wazee, mtaniuliza. Mada ya hapahapa. Mwaka 2015 akina mama wazee wa Apaa, wilaya ya Amuru, walivua nguo mbele ya mawaziri waliokwenda kwa ajili ya mgogoro wa ardhi. Kila mzee wa kaskazini anajua laana iliyomo katika kitendo hicho. Mwanasheria wa Kampala huenda asijue. Sikubaliani na kila anachokisema Profesa Tamale, na ndiyo maana namtaka. Wahitimu wenzangu wengi wanampinga bila kumsikia, jambo ambalo kwa mtu mwenye digrii ni aibu.

Profesa Mahmood Mamdani, mtaalamu wa siasa, hahitaji pendekezo langu. Ukumbi utajaa, tatizo ni kwamba tangu mwanawe Zohran, mzaliwa wa Kampala, achaguliwe meya wa New York, maswali yote yatakuwa ya New York. Na kutoka Chuo Kikuu cha Mbarara ningemwita Profesa Patrick Ogwang, mwenye Covidex, ile dawa ya mitishamba iliyogombaniwa madukani mwaka 2021 wakati wa wimbi baya la korona. Mamlaka ya dawa iliiruhusu kama kisaidizi tu cha matibabu, haikuiita dawa ya kuponya korona, lakini mitaani nani alisoma maandishi hayo? Huyu aje kwa mazungumzo marefu, na mfamasia asiyekubaliana naye awe amekaa kando yake. Bila mfamasia, afadhali asije.

Mtaniuliza lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini tusidanganyane: profesa wengi wa Kampala wakisikia Kiswahili bado wanakumbuka kizuizi cha barabarani na askari mwenye bunduki. Siwalaumu. Wazungumze Kiingereza, pawe na mkalimani, na maswali yapokewe kwa lugha yoyote anayoijia muulizaji, Kiteso au Kijapadhola au Kiswahili chetu cha mpakani. Kwa kiti cha mwenyekiti namtaka Mwalimu Austin Bukenya, kama umri wake unamruhusu safari. Ni Mganda aliyesoma Dar es Salaam, akafundisha Makerere na Kenya, na Kiswahili chake kingetufanya sisi watu wa Malaba tukae sawasawa kwenye viti.

Wanaopanga mambo haya, hasa Convocation ya Makerere, yaani umoja wa wahitimu, wasichague watu kwa urefu wa orodha ya machapisho. Wasikilize vipindi vya redio vya kupiga simu, wamtafute profesa ambaye mpiga simu amemtukana naye akaomba asikatwe ili amjibu. Wapite idarani jioni waone mlango gani una wanafunzi nje yake ilhali mitihani haijakaribia. Profesa aliyeulizwa na wanafunzi wake tu hajaulizwa bado, maana wale wanataka alama kutoka kwake. Mama wa mitumba hataki alama.

Mhadhara wenyewe uwe nusu saa, maswali saa moja na nusu. Mgeni rasmi asiwepo. Bahasha zisipite siku hiyo. Mkitaka mchango, tuandikieni barua, wengine tutatoa. Wahitimu wa Malaba na Tororo tuko wa kutosha kulipia mafuta, malazi na ukumbi wa shule, na nimekwisha kuongea na wachache waliokubali. Tunaomba iwe Jumapili mchana baada ya ibada. Ila ratiba ya Ligi Kuu ya Uingereza itazamwe kwanza, kwa maana Arsenal ikiwa inacheza, hata Mazrui mwenyewe angezungumza na viti.

Msomaji wenu, Malaba