Mhariri Yuko Arusha, Picha Ziko Sinza: Namna Tunavyotengeneza Filamu Tukiwa Mbalimbali

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbagala aliniandikia hivi: "Dada, shikamoo. Nimemaliza kupiga picha za filamu yangu fupi, ila mhariri wangu yuko Mwanza. Tutumie programu gani?" Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenikuta katika kipindi kizuri, kwa sababu filamu yetu imetoka kuonyeshwa katika ukumbi mmoja wa Mikocheni, waliochelewa wakasimama kwa kukosa viti, na mhariri wake hakukanyaga Dar es Salaam tangu tulipoanza mpaka tulipomaliza. Nitakujibu kwa urefu, lakini nakutahadharisha mapema kwamba jina la programu ndilo jambo dogo kuliko yote katika jibu langu.

Machungu ndiyo yaliyonifikisha katika utaratibu huu. Kazi yangu ya kwanza niliipeleka katika studio moja ya hapa mjini, ambayo ilinakili picha zote katika mashine zake, ikafuta kadi za kamera kwa maelezo kwamba huo ndio utaratibu wao, kisha ikapandisha bei katikati ya kazi. Nilipolalamika niliambiwa nilipe au nisahau picha zangu. Nililipa, na fedha zile zilikuwa za kodi ya nyumba. Mmoja wao alizoea kuniita "dada wa simu", kwa kuwa baadhi ya picha nilizipiga kwa simu, na sitaficha kwamba kila filamu yangu inapoonyeshwa bado natupia jicho mlangoni kuona kama amekuja.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo vijana wengi wanapojidanganya. Picha za 4K, yaani za ubora wa juu sana, zinazorekodiwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa kila saa moja. Ukiwa na gigabaiti 500 za picha ghafi, na intaneti yako inapakia kwa megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika hata kidogo, utahitaji zaidi ya siku 9, usiku na mchana, kuzifikisha kwa mwenzako. Na habari za umeme na bando hatuna haja ya kuhadithiana. Basi linaloondoka alfajiri katika kituo cha Magufuli, pale Mbezi, linafika Arusha siku hiyohiyo. Ndiyo maana sisi tulinunua diski mbili, tukanakili kila kitu katika zote mbili, moja ikabaki kwangu Sinza na nyingine ikapanda basi pamoja na mizigo ya watu. Tangu hapo kilichosafiri mtandaoni kilikuwa faili ya mradi peke yake. Faili hiyo haina picha ndani yake. Imebeba maelekezo tu, kwamba chukua kipande fulani, anzia hapa, kata pale. Ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuituma hata bando likiwa ukingoni, na mwenzako akiifungua, programu inazitafuta picha zilezile katika diski yake na kazi inaendelea. Sharti lake ni moja: asiwepo mtu wa kubadilisha jina la faili. Jina likibadilika upande mmoja, upande wa pili utaona skrini nyekundu mahali palipokuwa na picha.

Kama diski ya pili imekushinda kwa bei, tengeneza nakala nyepesi, zile ambazo wahariri huziita proksi. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, hata toleo lake la bure, inazitengeneza, na Adobe Premiere Pro pia. Proksi ya 720p, yaani ya ubora wa chini, kwa megabiti 5 kwa sekunde ni kama gigabaiti 2 na robo kwa saa, yaani sehemu moja ya ishirini ya uzito wa picha nilizotaja. Mhariri anakata akitumia nyepesi, na mwishoni wewe mwenye picha halisi unaziunganisha upya katika mradi na kuitoa filamu katika ubora wake kamili.

Wanaotumia simu wana tatizo jingine ambalo halionekani mpaka mhusika aanze kuzungumza midomo ikiwa mbele na sauti nyuma. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video kila sekunde, inayopanda na kushuka, wakati kinasa sauti kinakwenda kwa kasi isiyobadilika, hivyo tukio refu huanza sawa na kuishia limepishana. Kabla ya kutuma chochote, pitisha faili hizo katika HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha muundo wa video, uchague fremu thabiti, 25 kwa sekunde kama mradi wako umewekwa hivyo, na sauti ibaki hezi 48,000. Wale walionicheka kwa simu yangu hawakulijua hili, walinilaumu mimi.

Maoni nayo yana adabu yake. Mtayarishaji wetu, mama mmoja mwema sana, alikuwa anatuma sauti ya WhatsApp inayosema, "Pale binti anapogeuka, mmemkata mapema mno." Binti katika tukio lile anageuka mara tatu. Mhariri alirefusha mgeuko wa kwanza, mama akasema siyo huo; akarefusha wa pili, ugomvi ukaanza. Tulihamia Frame.io, huduma ya mtandaoni ya kukagua video ambayo Adobe iliinunua mwaka 2021 na ambayo inabandika kila oni kwenye fremu yenyewe, ugomvi ukaisha jioni ileile. Usipoweza, fungua jedwali la Google, andika saa, dakika, sekunde na fremu, kisha oni, kisha jina la aliyetoa. Na video ya kukaguliwa itume WhatsApp kama hati, siyo kama video, kwa sababu ikienda kama video inabanwa, halafu watu wanakuja kuilaumu rangi ambayo haina kosa.

Ninyi mnaotaka vya gharama kwanza, nisikilizeni. Mnaulizia Blackmagic Cloud, huduma ya mtandaoni ya watengenezaji wa DaVinci Resolve, ambayo tangu 2022 inawawezesha watu kadhaa kuingia katika mradi mmoja wa Resolve kwa wakati mmoja, lakini hamjakubaliana ni nani mwenye neno la mwisho. Mradi ukiwa na wasemaji wanne, hakuna chombo cha kuusaidia. Kwetu maoni yote hupita kwangu, nayachuja, na mhariri hupokea orodha moja. Walionuna walinuna, filamu ikaisha. Heshimuni kazi ya mhariri, mlipeni kwa hatua mlizoandikiana, na mtu asiwafutie kadi kabla nakala mbili hazijafunguliwa na kutazamwa mbele yenu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mbagala, usitume filamu nzima. Chagua tukio moja la dakika mbili, lenye picha za kamera zako zote na mazungumzo ya kutosha, ulipitishe njia nzima: kunakili, proksi, faili ya mradi kwenda na kurudi, maoni, mpaka kuitoa. Mhariri wako akikwama, utajua mmekwamia wapi kabla diski haijapakiwa kwenye basi la Mwanza.