Huyo ni karani tamba, si korongo

Mwili wa kijivu, mapaja meusi kama kaptula, uso wa rangi ya chungwa na manyoya marefu yanayoning'inia kisogoni: ukimwona ndege wa namna hiyo nyasini ukamdhania korongo, jua huyo ni karani tamba. Ni ndege mbuai, wa jamaa ya tai na mwewe, ila yeye huwinda kwa miguu. Kuruka anaweza vizuri tu, lakini mchana kutwa utamkuta akipiga hatua nyasini, mara nyingi na mwenzake mbali kidogo, akikurupusha panzi, panya na mijusi.

Akikutana na nyoka ndipo utamu ulipo. Hutanua mabawa, kisha humshindilia mateke ya kichwani mfululizo. Teke hilo limeshapimwa: lina nguvu ya takriban mara 5 ya uzito wake, na mguu hugusa shabaha kwa milisekunde 15 hivi. Nyoka hana hata nafasi ya kujibu.

Usiku hulala juu ya mgunga, na huko huko hujenga kiota kipana cha vijiti. Ukikiona usikisogelee, maana tangu 2020 ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka.