Acha kwanza kuandika kwenye hiyo diski: majibu ya maswali yenu

Haya, nimepitia maswali yenu na nimechagua machache, sio kwamba mengine ni mabaya ila nusu nzima ni swali moja limebadilisha nguo tu: "vitu vyangu vimepotea nisaidie haraka". Vimepotea wapi? Kwenye diski ya kuzunguka, SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), flashi, memori kadi? Umefuta mwenyewe au kompyuta ndo imegoma? Mtu hasemi. Ni kama kumpigia daktari simu ukasema "inauma" halafu ukakata. Mkiandika tena semeni ni diski ya aina gani, ilikuwaje, na mmefanya nini baada ya hapo, hasa hilo la mwisho maana ndo huwa mnalificha.

Nimefuta folda ya picha kwenye laptopu, na pipa la taka nikalimwaga. Nimeinstoli programu ya kurudisha lakini haioni kitu. Nijaribu programu gani nyingine?

Usijaribu nyingine, tulia kwanza. Hiyo ya kwanza uliiinstoli wapi? Kwenye C ile ile zilikokuwa picha, si ndiyo? Nilijua.

Sikiliza, kufuta faili sio kuliunguza. Kompyuta inaenda tu kwenye orodha yake inaandika kwamba hapa pako wazi, anayetaka aje akae, na data zenyewe zinabaki palepale mpaka aje mpangaji mwingine. Kwenye flashi na memori kadi zenye FAT (aina ya mpangilio wa mafaili) inabadilishwa pia herufi ya kwanza ya jina kwenye orodha, ndo maana programu za kurudisha zinakuonyesha _MG_0412.JPG wakati kamera iliandika IMG_0412.JPG, hiyo I ndo imeliwa. Sasa wewe umepakua programu, ukaiinstoli, ukafungua brauza kutafuta video ya maelekezo (na brauza nayo inajihifadhia vipande vyake humo humo kimya kimya), Windows nayo ikaona ni saa nzuri ya kuweka apdeti, yaani umeleta wapangaji nyumba nzima juu ya picha zako halafu unauliza mbona hazionekani.

La pili, na hili watu hawapendi kulisikia: kama laptopu yako ni ya miaka ya karibuni basi karibu hakika ina SSD, na Windows tangu toleo la 7 inaiambia SSD kwa amri inayoitwa TRIM kwamba vyumba fulani havina mtu tena, SSD inavisafisha kwa wakati wake. Ikishasafisha ukisoma pale unapata sifuri tupu, na programu ya kulipia itasoma sifuri zile zile ilizosoma ya bure, tofauti ni kwamba umelipia.

Cha kufanya ni kuzima kompyuta sasa hivi, sio baada ya kumaliza kusoma. Kwenye kompyuta nyingine tengeneza flashi ya Linux ya kuwashia, washa laptopu kwa hiyo flashi bila kuinstoli chochote, halafu chukua nakala ya diski nzima kwa ddrescue (programu ya kunakili diski) upeleke kwenye diski ya nje yenye nafasi. Kazi yote ya kutafuta ifanyie kwenye nakala. PhotoRec ni ya bure, imeandikwa na Christophe Grenier yule yule wa TestDisk (ya kurudisha migawanyo ya diski), na haitegemei ile orodha kabisa, inapita diski kipande kwa kipande ikitafuta mianzo ya mafaili, mfano kila JPEG inaanza na FF D8 FF. Ubaya wake majina yanapotea yote, utakuta folda recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, ndani f0284672.jpg na wenzake maelfu, picha za familia zimechanganyika na vitufe na vinembo vya tovuti ulizowahi kutembelea. Zipange kwa ukubwa, anza na kubwa. Itakula wikiendi yako, lakini ndo hivyo.

Diski yangu ya nje inalia tik, tik, tik halafu kimya. Rafiki amesema niiweke kwenye friza usiku mmoja.

Hapana. Huyo rafiki mpende kwa mambo mengine. Ule mlio ni kichwa cha kusomea kinahangaika kutafuta njia, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena, na kila ukiiwasha "nione kama imepona" unaweza kuwa unakwangua sahani ambayo ndo yenyewe imebeba data. Friza inaongeza unyevunyevu ndani basi. Ichomoe, usiifungue, na kama kilichomo kina thamani ipeleke kwa watu wenye chumba kisafi cha kufungulia diski, ni ghali. Kama hakina thamani hiyo, ndo umeshajijibu. Ila ikiwa hailii, inasoma polepole tu na kukwamakwama, hapo ddrescue inafaa kwa sababu inachukua kwanza sehemu nzima na kuruka mbovu, halafu inarudi kwenye mbovu mwishoni, na ukiiwekea faili la kumbukumbu hata umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Usianze na CHKDSK kwenye diski inayokufa! Hiyo ni ya kurekebisha mpangilio wa mafaili, haijali data zako, na inaandika.

Nikifomati, data zinaweza kurudi?

Ukifomati haraka kwenye diski ya kuzunguka au flashi, mara nyingi ndiyo. Ukifomati kamili, hapana, tangu Windows Vista ule ufomati kamili unaandika sifuri diski nzima.

Nataka kuweka Linux pembeni ya Windows bila kupoteza chochote, laptopu ina diski moja. Nifuate hatua gani?

"Bila kupoteza chochote" maana yake una bakapu. Hujaitaja kwa hiyo nachukulia huna, na mimi simwambii mtu asiye na bakapu aguse patisheni (migawanyo ya diski). Niliwahi kufanya huo ujuaji. Nilikuwa na diski mbili za giga 500, moja ya kazi na moja ya bakapu, instola ya Linux ikanionyesha sda na sdb (majina ambayo Linux inazipa diski), ukubwa sawa, usiku umeenda, nikachagua, nikabonyeza kuendelea, na kilichonishtua ni taa ya diski ya bakapu kuanza kuwaka haraka haraka. Nikachomoa waya. TestDisk iliipata mipaka ya patisheni ya zamani vizuri tu, lakini kilichokuwa mwanzoni mwa diski kilikuwa kimeshakaliwa na Linux. Tangu siku hiyo diski isiyohusika naichomoa kimwili kabla sijawasha instola.

Haya, ukiwa na bakapu. Windows itangulie, Linux ifuate, kwa sababu GRUB, kiwashio cha Linux, inaikuta Windows na kuiweka kwenye menyu, Windows yenyewe haina adabu hiyo. Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la data), laptopu nyingi siku hizi zinakuja imewashwa na mwenyewe hajui, na ukichezea mipangilio ya kuwashia inakuamkia na skrini ya buluu inadai ufunguo wa tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi kabla. Sio kwenye faili ndani ya laptopu hiyo hiyo, kuna mtu alifanya hivyo, simtaji. Kisha ndani ya Windows yenyewe, kwenye Disk Management, punguza C uache nafasi tupu, usiipunguze kwa vyombo vya Linux kama unaweza kuepuka. Zima Fast Startup, kwa sababu ikiwa imewashwa Windows haizimiki kweli, inalala na kuacha patisheni zake katikati ya sentensi, halafu Linux ikiingia kuandika humo unaharibu, ndo maana Linux nyingi zinakufungulia NTFS hiyo (mpangilio wa mafaili wa Windows) kwa kusoma tu na watu wanalalamika eti Linux mbovu.

Kwenye instola chagua kuweka pembeni au kupanga mwenyewe, ile ya kufuta diski inafanya kama inavyosema, haitanii. Kuna patisheni ndogo ya EFI, megabaiti mia au mia kadhaa, itumie hiyo hiyo, usiifomati, humo ndo kuna kiwashio cha Windows.

Na kama unachotaka ni kujifunza tu amri mbili tatu, mbona ujisumbue? Weka VirtualBox (programu ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine), vunja utakavyo, futa, anza upya. Ila uwe na RAM ya kutosha, giga 4 kugawana mifumo miwili ni mateso. Mifumo miwili kwenye diski naipendekeza kwa mwenye kompyuta isiyokubali Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama), maana Windows 10 usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, huyo abaki na Windows ya zamani kwa ile programu moja isiyo na mbadala, intaneti aende nayo Linux.

Baada ya apdeti ya Windows Linux haiwaki, nimekata tamaa nataka kuinstoli upya.

Usiinstoli! Mara tisa kati ya kumi Linux ipo nzima, ni mpangilio wa nani awashwe kwanza ndo umebadilika, ingia kwenye mipangilio ya UEFI (ile ya kompyuta yenyewe kabla mfumo haujawaka) uipandishe juu, dakika mbili. Kama badala yake unapata ujumbe unaotaja SBAT, huo ni ule msiba wa apdeti ya Agosti 2024, Windows ilikataa viwashio vya zamani vya Linux hata kwenye kompyuta zenye mifumo miwili. Zima Secure Boot (ulinzi unaokagua viwashio) kwa muda, ingia Linux, iapdeti, iwashe tena. Na kabla ya kuzima soma nilichosema juu kuhusu tarakimu 48. Kuinstoli upya kwa hasira kumepoteza data nyingi kuliko virusi, hayo ni maoni yangu na sitaki kubishana.

Saa inakosea kila nikihama kutoka Linux kwenda Windows.

Linux inaweka saa ya ubao wa kompyuta kwa UTC (saa ya dunia), Windows kwa saa ya mahali. Ukiwa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, nayo ifuate saa ya mahali. Itakuonya kidogo, sawa tu.

Mimi sihitaji bakapu, mafaili yangu yote yanajisawazisha mtandaoni.

Hili sio swali ila nalijibu. Kujisawazisha ni kioo: ukifuta huku kinafuta kule, virusi vikifunga mafaili huku kinapeleka yaliyofungwa kule, kwa uaminifu kabisa. Nyingi zina kapu la vilivyofutwa linaloshikilia kwa muda halafu linamwagwa, na wewe utagundua faili halipo baada ya miezi. Nunua diski ya nje, nakili, ichomoe. Ikibaki imechomekwa mwaka mzima sio bakapu, ni diski ya pili ya kupoteza.

Flashi yangu ya tera 2 inakubali kunakili lakini mafaili hayafunguki.

Sio ya tera 2. Ipime kwa F3 au H2testw (programu za kupima ukubwa wa kweli), utakuta ni giga chache zimedanganywa kuhesabu, na vilivyozidi hapo havikuandikwa popote, kwa hiyo usiniulize namna ya kuvirudisha.