Maswali Yenu: Samaki wa Kiwandani Hatoi Maji, wa Friza Yangu Mbona Anatoa?

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji walete maswali kuhusu vyakula vya kugandishwa. Haya matano yamepata nafasi.

SWALI: Nanunua minofu ya sangara na kuigandisha kwenye friza ya nyumbani mpaka inakuwa jiwe. Mteja akiiyeyusha inamwaga maji na nyama inalegea. Minofu ya kiwandani, ya ziwa hili hili, haiko hivyo. Wanatia dawa gani? – Mama Lishe, Mwanza

JIBU: Shikamoo mama. Hata bila dawa yoyote tofauti hiyo ingekuwepo, maana kinachoamua ni muda. Maji ya samaki hayagandi yote kwa pamoja. Huanza kwenye nyuzi -1 hivi, na kufikia -5 karibu robo tatu ya maji yote yamekwisha kuwa barafu. Hapo katikati ndipo nyama inapopona au kuharibika. Ikikawia hapo kwa saa nyingi, barafu huanza nje ya chembe za nyama, huvuta maji kutoka ndani ya chembe na kukua vipande vikubwa. Chumvi inayobaki ndani inakolea na kuharibu protini, hivyo siku ya kuyeyusha nyama haina tena nguvu ya kuyarudisha maji yake. Ikipita hapo upesi, huzaliwa vipande vingi vidogo vya barafu na nyama hubaki karibu kama ilivyokuwa.

Sasa tupige hesabu. Kilo moja ya samaki aliye nyuzi 5, kumfikisha -18, lazima umwondolee joto la kilojuli 320 hivi (kilojuli ni kipimo cha joto), na sehemu kubwa ya hizo huondoka wakati maji yanageuka barafu. Tazama kibandiko cha friza yako, utakuta namba imeandikwa kg/24h. Hiyo ndiyo kazi inayoweza kufanya kwa siku nzima, na kwa friza nyingi za nyumbani ni kilo chache tu, kubwa zaidi labda 15 au 20. Ukijaza kilo 40 kwa mpigo, za katikati zitakaa kwenye eneo la hatari siku mbili. Friza hiyo ilitengenezwa kutunza kilichokwisha kuganda.

Fanya hivi: poza minofu kwanza kwenye barafu. Itandaze safu moja kwenye sinia ya alumini, isigusane, sinia iguse ukuta au sakafu ya friza palipo na mabomba ya baridi. Usizidishe theluthi ya ile namba ya kibandiko kwa mara moja. Ikishakuwa ngumu kabisa ndipo uifunge kwenye mifuko na kuirundika.

SWALI: Ni kweli kwamba kugandisha haraka kuligunduliwa na Mmarekani mmoja aliyeiga Waeskimo? – Mwalimu wa sekondari, Morogoro

JIBU: Nusu kweli. Nyama ya kugandishwa ilikuwa ikivuka bahari kabla yake: mwaka 1882 meli ya Dunedin ilipeleka nyama ya kondoo kutoka New Zealand hadi London. Ila iligandishwa polepole. Clarence Birdseye alikuwa Labrador, Kanada, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akaona samaki wa Wainuit, ndio hao Waeskimo, wakiganda papo hapo kwenye upepo wa baridi kali, na wakipikwa miezi baadaye wana ladha ya samaki mbichi. Wanasayansi wa Ujerumani nao, akina Plank, waliandika mwaka 1916 jinsi kasi inavyobadili ukubwa wa barafu ndani ya samaki. Kwa hiyo wazo halikuwa la mtu mmoja. Sifa ya Birdseye ni mashine.

Alianza na mikanda ya chuma iliyopozwa kwa maji ya chumvi ya kalsiamu, samaki akiwa amefungwa kwenye boksi bapa. Kisha likaja lililo bora zaidi: mabamba ya chuma yenye uwazi ndani, amonia, gesi ya kupozea, ikichemka humo, na maboksi yakibanwa katikati, baridi juu na chini. Mwaka 1929 biashara na hataza zake (haki za uvumbuzi) ziliuzwa kwa dola milioni 22, na Machi 1930 vyakula hivyo vikaanza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts.

Ukitazama kila kilichofuata, adui ni yule yule: ngozi nyembamba ya hewa tulivu inayokizunguka chakula kama blanketi. Bamba liliishinda kwa kugusa. Ndiyo maana meli kama Fairtry ya Uskoti, iliyoanza kazi mwaka 1954, iliweza kuvua, kupasua na kugandisha baharini. Lakini bamba linataka kitu bapa. Njegere utazibanaje? Miaka ya 1960 kampuni ya Frigoscandia ya Sweden ikaja na jawabu: hewa ya baridi inapulizwa kutoka chini kwa nguvu mpaka njegere zinaelea na kuchemkachemka kama maji ya uji. Kila punje inazungukwa na upepo, inaganda kwa dakika chache, na hazishikani. Viwandani huita IQF, yaani kila kipande peke yake. Vitu vikubwa visivyoelea, mfano vipande vya kuku, vikapewa mkanda unaopanda kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara, mita nyingi ndani ya chumba kidogo. Baadaye ikaja mitambo ya vijitundu vinavyorusha hewa kwa kasi kubwa moja kwa moja juu ya chakula, kuichana ile blanketi. Hiyo inafaa vitu vyembamba tu. Kwenye mnofu mnene haisaidii sana, kwa kuwa joto lenyewe linachelewa kutoka katikati.

Kuna njia moja iliyokufa. Wamarekani waliwahi kuzamisha chakula ndani ya freoni R12, gesi ya kupozea, ikiwa katika hali ya kimiminika. Chakula kiliganda upesi sana, lakini gesi ile inatoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaizika. Amonia, kongwe kuliko zote hizi, bado inatawala viwanda vikubwa, siku hizi mara nyingi ikishirikiana na kaboni dayoksaidi upande wa baridi kali.

SWALI: Chumba chetu cha blasti (cha kugandisha kwa upepo wa baridi kali) kilikuwa kikigandisha pweza na kamba kwa saa 8, sasa zinafika 15. Fundi anasema tuongeze gesi. – Msimamizi wa kiwanda, Tanga

JIBU: Gesi iwe ya mwisho kwenye orodha, ndugu. Anza na upepo. Juu ya bidhaa unatakiwa uwe mita 4 hadi 6 kwa sekunde, na hewa iwe -35 au chini yake. Pima kwa kipima upepo katikati ya trei, siyo mbele ya feni. Mbele ya feni kila chumba ni kizuri. Hewa haina heshima, inapita palipo rahisi. Ukiwa na nafasi ya nusu mita kati ya toroli na dari, sehemu kubwa ya upepo itapita huko na kurudi kwenye koili, yale mabomba ya baridi, bila kugusa pweza hata mmoja. Ziba juu na pembeni kwa mabati au mapazia mazito ya plastiki, na uache sentimita 3 hivi kati ya trei na trei.

Kisha tazama koili. Bidhaa yenye maji inatoa mvuke, mvuke unakuwa theluji kwenye mapezi ya koili, na theluji inaziba. Yeyusha kabla ya kila mzigo. Kama feni zilifanyiwa matengenezo karibuni, hakikisha zinazunguka upande sahihi: mota ya fezi tatu ikibadilishiwa nyaya mbili hugeuka nyuma, bado inapuliza kidogo, na mtu asiyeangalia haoni kosa. Usikimbilie feni kubwa zaidi. Kasi ikiongezwa mara mbili, umeme unapanda mara nane, na umeme huo wote unageuka joto ndani ya chumba hicho hicho.

Halafu mzigo wenyewe. Kamba anayeingia akiwa nyuzi 20 badala ya 4 analeta kilojuli kama 58 za ziada kwa kilo, karibu asilimia 18 ya kazi yote. Boksi la karatasi lenye mfuniko na hewa ndani ni blanketi jingine. Gandisha kwenye trei za chuma, ndipo ufunge. Na msifungue mlango kuongeza mzigo wa moto katikati ya kazi.

Yote hayo yakiwa sawa, muulize fundi kuhusu mafuta. Kama mtambo wenu unatumia amonia, mafuta ya kawaida ya kompresa hayachanganyiki nayo, ni mazito kuliko amonia, hukaa chini ya koili na kuzuia joto. Yanatolewa na fundi mwenye mafunzo na barakoa.

Na msitumie saa ya ukutani kuamua kazi imekwisha. Toboa kwa keekee kipande kinene kuliko vyote, kwenye toroli lililo mahali dhaifu kwa upepo, mchomeke kipimajoto cha sindano mpaka katikati: -18.

SWALI: Chakula kilichogandishwa kwa nitrojeni kina sumu? – Msomaji, Muscat

JIBU: Hapana. Nitrojeni ni takribani asilimia 78 ya hewa unayovuta, na ikishachemka kwenye -196 inaondoka. Hatari ni kwa mfanyakazi: lita moja ya nitrojeni ya kimiminika hutoa takribani lita 690 za gesi, inafukuza oksijeni, na haina harufu ya kukuonya. Lazima kuwe na kengele ya kupima oksijeni chumbani. Kwa mfuko wako, hatari ni bei: inatumika kilo moja au zaidi ya nitrojeni kwa kila kilo ya chakula, kwa hiyo wengi huitumia kwa vitu ghali tu.

SWALI: Njegere za dukani nimezikuta zimeshikana donge moja, na ndani ya mfuko kuna theluji. Nirudishe? – Nairobi

JIBU: Rudisha. Zilipotoka kiwandani kila punje ilikuwa peke yake. Donge maana yake ziliyeyuka njiani au dukani, zikaganda tena polepole. Ukinunua mfuko mwingine, utikise kwanza: usikie zikichezacheza kama kokoto.