Naomba kufunga kioo cha saluni kwenye bajaji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi naendesha bajaji, Kizota kwenda mjini, na hiki kioo cha pembeni kinanichanganya, naona semi liko mbali kabisa, nikitaka kukata kulia nashtukia honi mgongoni. Sasa saluni ninakonyoa kuna kioo kinakuza sura mpaka vinyweleo unavihesabu. Nikifunga kile si nitaliona lori kubwa?
Dereva, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tafadhali usikifunge.

Hicho cha bajaji ni kioo mbinuko, kimetuna kuja kwako, kwa hiyo kinakuonyesha eneo pana la barabara ila kila kitu kinakuwa kidogo. Tupige hesabu kidogo, tuseme fokasi yake (umbali toka kwenye kioo hadi pale miale ya mbali inapokutana, au inapoonekana kama inatokea) ni mita 1 na lori la kimo cha mita 4 liko mita 19 kutoka kwenye kioo. Ile kanuni ya sekondari, 1/f = 1/u + 1/v (f ni fokasi, u umbali wa kitu toka kwenye kioo, v umbali wa taswira), fokasi ya mbinuko unaiwekea alama ya kutoa, inakupa taswira sentimita 95 tu ndani ya kioo, na ukuzaji ni 95 gawa kwa 1900, yaani 1/20, lori zima limekuwa la sentimita 20! Hapa ndo wengi wanapotea: taswira haiko mbali, iko karibu sana, ni ule udogo wake ndo unafanya ubongo useme liko mbali. Jicho likiwa nusu mita toka kwenye kioo, lori utaliona kama liko mita 29.

Cha saluni ni mbonyeo, yaani kimebonyea kwa ndani. Kama fokasi yake ni sentimita 50, uso ukiusogeza mpaka sentimita 25 unajiona wima, mara 2. Ila rudi nyuma taratibu, ukikaribia sentimita 50 sura inavurugika, na ukishapita mita 1 unajiona kichwa chini, jaribu siku ukienda kunyoa. Sasa lori la mita 19 liko mbali mno na hiyo fokasi, taswira yake itakuwa matairi juu, sentimita 11 hivi, tena inatokea mbele ya kioo kama sentimita 51, palepale jicho lako lilipo, kwa hiyo utaambulia ukungu tu.

Kinachoonyesha umbali wa kweli ni kioo bapa. Ukiweza funga kimoja ndani ya bajaji, cha pembeni kikuambie kuna gari, cha bapa kikuambie liko umbali gani, na kabla ya kukata kulia geuza shingo uangalie mwenyewe.