Presha iko sawa, mgonjwa hayuko sawa

SWALI: Shikamoo bibi. Nasoma uuguzi mwaka wa pili, kwetu Wete, Pemba. Kwenye mtihani tulipewa mgonjwa wa miaka 34, kilo 60, katoka kupasuliwa tumbo saa tatu nyuma. Kabla ya upasuaji presha yake ilikuwa 124/78 na mapigo 76. Sasa presha ni 112/88, mapigo 118, pumzi 26. Anagaragara kitandani na anaomba maji. Nilijibu kwamba presha ni nzuri, apewe dawa ya maumivu na maji kidogo. Nimekosa swali zima. Mwalimu anasema huyo anavuja damu. Anajuaje, na presha iko sawa? Na kwa nini anatulazimisha kuhesabu pumzi dakika nzima?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako kasema kweli, na nimefurahi umeuliza kabla hujapangiwa zamu ya usiku.

Presha ni ya mwisho kuanguka. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Kijana mwenye moyo mzima anaweza kupoteza hata lita moja na presha yake ya juu, yaani ile nambari ya kwanza, isishuke kiasi cha kukushtua. Moyo unakwenda mbio, mishipa inajibana, damu iliyobaki inapelekwa kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe. Ngozi na figo ndizo zinazonyimwa, ndiyo maana mikono inapoa na mkojo unapungua. Mwili ukishindwa kujibana zaidi, presha inaporomoka ghafla, na kumrudisha mtu hapo ni kazi kubwa.

Sasa zitazame tena nambari zako. Toa presha ya chini kwenye ya juu: kabla ilikuwa 46, sasa 24. Ile 88 uliyoiona nzuri ndiyo mishipa inayojibana. Kisha gawa mapigo kwa presha ya juu: 118 kwa 112 inapita 1, na mtu mzima aliyetulia huwa baina ya 0.5 na 0.7. Lakini mzee anayemeza atenolol au propranolol usimngojee afike 118, maana dawa hizo huuzuia moyo kwenda mbio.

Hapa nisikilize vizuri. Wagonjwa wetu hujifunika kanga, na kanga yenye maua mekundu au meusi huficha damu. Ifunue. Bendeji ya juu unaweza kuikuta kavu kabisa, kwa sababu damu hufuata mteremko wa mwili na kwenda kukusanyika mgongoni. Vaa glavu, pitisha mkono chini ya kiuno mpaka kwenye shuka, kisha utoe uutazame. Usipoona damu, bado hujamaliza, kwani inaweza kuwa inajaa ndani ya tumbo: litazame kama limevimba na kukaza. Bonyeza ukucha wa kidole chake uwe mweupe, uachie. Rangi ikipita sekunde 2 haijarudi, andika. Tazama mfuko wa mkojo pia. Kwa kilo 60 unataka angalau mililita 30 kila saa.

Kugaragara na kiu ni dalili, mwanangu. Maumivu nayo hupandisha mapigo, na mgonjwa ana haki ya kutulizwa, ila kwanza hakikisha havuji, kwa sababu mofini, ile dawa kali ya maumivu, inaweza kuishusha hiyo presha iliyoshikilia kwa shida. Maji usimpe kabisa, huenda akarudi kupasuliwa. Lowesha midomo yake tu. Na jamaa waliokuja na uji kwenye chupa uwaeleze kwa upole, tena mapema, kwa maana huruma yao ukigeuka tu itafika mdomoni.

Pumzi zihesabu dakika nzima kwa sababu ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, ukikosea moja umekosea nne. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Usimwambie unahesabu, atabadilisha. Shika mkono wake kama bado unapima mapigo, macho yako yawe kifuani. Chati zenye 20 kwa kila mgonjwa, asubuhi na jioni, zinanihuzunisha sana, kwani pumzi ni katika dalili za mwanzo kubadilika.

Ukiwa na shaka usimwache peke yake. Ita mwenzako, mlaze chali, mpe oksijeni, mfunike apate joto. Hakikisha ana kanula, yaani kimrija cha kuingizia dripu mshipani, iliyo nene, ya kijani au ya kijivu, damu ichukuliwe ya kupima kundi, na dripu iende kama ilivyoagizwa. Ukimpigia daktari usiseme "mgonjwa hali yake si nzuri" ukanyamaza. Sema: "Kapasuliwa tumbo saa tatu nyuma, mapigo yalikuwa 76 sasa 118, presha 112/88, pumzi 26, mikono ya baridi. Nahofia anavuja damu. Naomba uje umwone sasa hivi."