Mita 60, si 30

Kwenye huu mjadala wa eneo la kando ya mto, kama liwe jengo la klabu ya mitumbwi au bustani ya wananchi, umesema mwisho wa kujenga ni mita 30. Ni mita 60 kutoka ukingo wa mto, ndugu, si 30. Iko kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na inahusu mito yetu ya Arusha, Themi na Naura, kama mito mingine. Kwa hiyo hata halmashauri ikibadilisha matumizi ya ardhi pale, klabu ya mitumbwi haiwezi kumwaga zege ndani ya eneo hilo, maana kinachokatazwa ni shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo. Bustani ya wananchi yenye miti na njia ya miguu ina nafasi zaidi ya kuruhusiwa, tena naiombea sana, watoto wetu mjini hawana pa kucheza. Jengo la klabu lirudi nyuma ya hizo mita.